Maswali na majibu: Babu aliyefia baharini

Tangu nigusie habari za vijana wa Ugogo na Urangi walioshuka pwani kwa reli wakaishia kwenye majahazi na meli, simu yangu hapa Dodoma haipoi. Nimechagua maswali machache. Mengine nimeyafuta, na wenyewe mnajua kwa nini.

Babu yangu alikuwa baharia, alifia baharini zamani sana. Gazeti lililoandika habari zake nitalipata wapi? (Chang'ombe)

Zamani lini? Bahari ipi? Chombo gani? Babu aliitwa nani? Swali hili nimeshalijibu mara nne mwaka huu, sasa basi.

Babu mzaa baba aliitwa Chibago, mtu wa Mvumi. Alishuka Dar es Salaam miaka ya 1930 akawa baharia wa jahazi, hakurudi. Nimepekua Mambo Leo zote nilizozipata, jina lake halimo. (Ipagala)

Halimo kwa sababu Chibago hakupanda jahazi, binti yangu. Aliyepanda ni Juma fulani, au Saidi, au Mabruki. Kijana wa bara akifika pwani mara nyingi alisilimu, au nahodha alimwita jina lililomkaa mdomoni, na ukoo wake ukabaki Mvumi pamoja na ng'ombe. Wengine waliandikwa "Mgogo" tu, kama vile kabila zima lilikuwa mtu mmoja. Kwa hiyo kabla hujagusa karatasi yoyote, kaa na mashangazi. Waulize salamu zake zilipokuja, zilikuja kwa jina gani. Fungua sanduku la bibi: risiti ya kodi, barua, hata bahasha tupu.

Halafu magazeti yenyewe. Mambo Leo lilianza 1923, lilikuwa la serikali na lilitoka mara moja kwa mwezi. Ajali ya Machi utaisoma Aprili au Mei, na watu wanakosa habari kwa kufungua toleo la mwezi wa tukio tu. Tanganyika Standard lilianza 1930, kwa Kiingereza. Humo jahazi likizama, tarajia jina la mwenye mali, pengine na la nahodha. Mabaharia ni hesabu: "wenyeji watano". Nimelalamikia jambo hili miaka mingi na sitaacha, kwa sababu maji yaliwachukua mara moja, kalamu ikawazamisha mara ya pili. Ndiyo maana nasema msitafute kwa jina la babu. Tafuta jina la jahazi, la nahodha, la bandari lilikotoka na lilikokuwa likienda. Ukilipata jahazi, babu yumo ndani yake.

Kwenye jalada la Msahafu wa babu pameandikwa kuwa kaka yake "alighariki Rajabu 1371". Ndugu wanasema mwandishi alikosea mwaka. (Kondoa)

Hakukosea, nyie ndio mmekosea kalenda. Huo ni mwaka wa Hijria. Rajabu ya 1371 ilianza mwishoni mwa Machi 1952 ikaingia Aprili, na Aprili hiyo kimbunga kilipiga Lindi. Kama mzee alikuwa akifanya kazi pwani ya kusini, anza na magazeti ya Aprili na Mei 1952. Ila msimzamishe kwa kimbunga kabla hamjajua alikuwa bandari gani. Na kwa wengine: mkikuta "Mfungo Sita", huo si Juni. Ni mwezi wa Maulidi.

Babu alikuwa askari vita ya pili, akafa kwenye "meli ya Wajapani". Kuna mtu hapa mjini anauza fomu za fidia, shilingi laki moja na nusu. Nilipe? (Nkuhungu)

Usilipe. Huyo anakula kwako.

Meli haikuwa ya Wajapani, ya Wajapani ilikuwa nyambizi. Nadhani mnaizungumzia Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikapigwa karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, na mamia kati yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wasio na kaburi wanakumbukwa kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita Nairobi. Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ipo mtandaoni na kuitazama ni bure. Jaribu tahajia zote, maana karani Mwingereza aliandika alivyosikia. Namba ya jeshi ikiwepo, ina thamani kuliko jina.

Na enzi ya Mjerumani? (Mpwapwa)

Tafuta kwa tahajia yao: Juma ni Dschuma, Shabani ni Schabani, Chibago angekuwa Tschibago. Gazeti la walowezi Dar es Salaam, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lilitoka kuanzia 1899 hadi 1916. Mafaili ya Kijerumani yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Babu alichochea makaa kwenye meli ya Waingereza. (Makole)

Hilo si swali, lakini una bahati. Waingereza waliweka daftari za waliofia melini, na nyingi zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London. Kama alikuwa kazini mwaka 1915, orodha za mabaharia wa mwaka huo zimewekwa mtandaoni bure.

RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, watanipa cheti cha kifo cha mwaka 1935? (Kikuyu)

Usitegemee. Na kama unakitaka ili mgawane shamba, nenda kwa wakili, usije kwangu.

Baba alifia kwenye MV Bukoba mwaka 1997, magazeti ya mwaka huo hayasemi kitu. (Area D)

Pole sana. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996. Muulize mama tena, taratibu.

Lazima nisafiri mpaka Dar? (wengi)

Kwa yaliyomo Nyaraka za Taifa, lazima. Treni ya umeme ipo. Piga simu Nyaraka kwanza uulize taratibu zao, na kalamu ya wino iache nyumbani, beba penseli.