Watembezaji wapya wa wageni katika msitu wa Jozani, hapa Unguja, huu mkaa wangu uwe funzo kwenu

Jana nimemwona kijana wetu anampigia kima punju, huyu kima wetu mwekundu, mluzi ili mgeni apate selfi. Nikavumilia. Alipochomoa ndizi, uvumilivu ukaniisha. Tena ndizi mbivu! Kima punju ni mla majani, tumbo lake haliwezi sukari hiyo. Wanangu, tumeyasema haya mara ngapi?

1. Usimwite, usimlishe, usimkaribie ukiwa na mafua. Basi.

2. Hadithi ya mkaa. Mnaijua: kima wetu wanatafuna mkaa ili kuzima sumu ya majani ya mkungu na mwembe. Wageni hucheka, bakhshishi ikapatikana. Nami nilikuwa bingwa wake, naigiza mpaka kujifuta mdomo.

Siku moja nikapewa watoto wa skuli kutoka mjini. Nilipomaliza vituko vyangu, binti mmoja akauliza, "Mwalimu, huo mkaa wanautoa wapi?" Kwenye matanuri ya watu, nikamwambia. "Na hao watu, miti wanaitoa wapi?" Jasho likanitoka. Maana baiskeli yangu ilikuwa nje pale, na nyuma yake polo la mkaa nimelifunga kwa mpira. Nililinunua asubuhi njiani, bei poa, muuzaji sikumuuliza hata neno. Nikasema, "Haya, twendeni tukaone mikoko!"

Wakati wa kuondoka wakapita pale pale. Yule binti akalitazama polo, akanitazama mimi. Hakusema kitu. Afadhali angesema. Usiku ule nyumbani kulikuwa na pilau, na sikuisikia ladha yake.

Nisiwadanganye, mkaa sikuuacha kesho yake. Gesi ilichukua miezi, na maharage mama watoto bado anayateleka kwenye seredani, jiko letu la mkaa. Lakini sasa muuzaji namuuliza, na mara mbili nimerudi nyumbani mikono mitupu.

3. Mikoko ya Pete, kijiji jirani, kwa mgeni ni picha. Kwa mtoto wa hapa ni boriti za nyumba yao. Msimsimange. Muonyesheni vijisamaki kwenye mizizi, kisha muulizeni jana kwao walikula kitoweo gani.

4. Matuta ya barabarani yaliwekwa kwa ajili ya kima waliokuwa wakigongwa na magari. Juzi nimepanda gari ya mmoja wenu, kayaruka kama anakimbia deni, mgeni kashikilia dari kwa mikono miwili. Jina silitaji. Mama yake naye namjua, na Ijumaa napita kwake.