Pikapu ya "tani moja" na kijumba cha kilo 480: itabeba?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Niko Wete, nina pikapu ya dizeli ya milango minne iliyotoka Japani, na watu huku wanaiita ya tani moja. Nimepata kijumba cha kulalia kilichotumika, vile vinavyopakiwa juu ya bodi la nyuma na kushushwa kwa jeki zake. Tangazo linasema kilo 480. Nataka kukodisha kwa wageni wanaopenda kulala ufukweni, Vumawimbi na kwengineko. Karatasi ya Japani inaonesha uzito wa gari 1,790, mzigo 500, uzito wa jumla 2,565, viti vitano. Naona 480 imo ndani ya 500. Nilipe?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Usilipe bado. Umefanya vyema kuandika namba za ile karatasi, maana humo ndimo mlimo na jibu lako. Hiyo "tani moja" ya mtaani iache huko huko mtaani.

Wajapani hupata uzito wa jumla kwa kujumlisha uzito wa gari, mzigo unaoruhusiwa, na kilo 55 kwa kila kiti. Kwako ni 1,790 na 500 na 275, ndiyo hiyo 2,565. Kwa hiyo ukitoa uzito wa gari, unabakiwa na kilo 775 za kila kitu kitakachopanda: watu, kijumba, maji, mpaka mabegi ya wageni. Mafuta ya tangi lililojaa yameshahesabiwa ndani ya 1,790, lakini tairi ya akiba na vifaa vyake havimo.

Sasa hiyo 480. Wauzaji wa vijumba hivi wana desturi ya kutaja uzito mtupu, yaani kama kilivyotoka kiwandani: hakina maji, hakina gesi, mara nyingi hakina hata betri. Tukijaze. Tangi la lita 80 ni kilo 80. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukichanganya na chuma chake unafika kama 30. Betri kubwa ya taa na friji, 30 nyengine. Magodoro, sufuria, vyakula na mabegi, weka 60. Turubai la kivuli la ubavuni 20, na minyororo ya kukifungia na skrubu zake 15. Kijumba kimeshafika kilo 715. Ongeza wageni wawili, 150, na tairi ya akiba na vifaa, 40. Jumla 905. Umepita kwa kilo 130.

Najua utasema tutapunguza. Sawa, tupunguze: maji lita 20 tu, mtungi mdogo wa kilo 6 ambao ukijaa ni kama 13, mizigo 40, turubai libaki nyumbani. Inashuka mpaka 788. Bado umepita kwa kilo 13, na gari hii atapewa mtu usiyemjua, ambaye akifika Konde atanunua katoni za maji na matikiti bila ya kukuuliza. Gari ya kukodisha lazima itoke nyumbani ikiwa na nafasi.

Tena hizo 775 zina sharti. Karatasi imewaweka watu watano kwenye viti, yaani baina ya ekseli mbili, ile ya magurudumu ya mbele na ile ya nyuma. Wewe unawatoa watatu na kilo zao unazihamishia nyuma. Jumla inaweza kuwa salama huku ekseli ya nyuma inaumia. Hapa ndipo milango minne inapokuponza: bodi lake ni fupi, na kijumba kinaning'inia nje. Kila kijumba kina mahali uzito wake unapokaa sawasawa, na watengenezaji wengi huweka alama ubavuni. Alama hiyo inatakiwa iwe mbele ya ekseli ya nyuma, au kwa uchache juu yake.

Chukua kijumba chenye kilo 600 kikiwa na vitu vyake, na alama iko sentimita 30 nyuma ya ekseli, kwenye gari yenye mita 2.85 baina ya ekseli. Zidisha 600 kwa 0.30, gawa kwa 2.85: unapata 63. Ekseli ya nyuma inabeba 663, na ya mbele imenyanyuliwa kilo 63. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapoteza mshiko, na wewe unakaa kisiwa cha vilima na kona ambacho masika yake unayajua. Hili linanitia hofu kuliko hizo kilo 13.

Mafundi watakwambia waongeze jani la springi. Jani litanyanyua makalio ya gari na litapendeza kwa macho, lakini breki ni zile zile, beringi ni zile zile, na chesisi ni ile ile. Pikapu za milango minne zilizozidishwa nyuma huwa zinapinda au kupasuka chesisi nyuma ya kabini. Kwetu kuna na chumvi. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo, gonga chesisi taratibu kuanzia nyuma ya kabini mpaka kwenye mabano ya springi. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kufa na magamba yanaanguka. Ukikuta hivyo, habari ya kijumba iishie hapo.

Tairi nazo zisome ubavuni. Baada ya saizi kuna namba ya uwezo: 100 ni kilo 800 kwa tairi moja, 104 ni 900, 108 ni 1,000, 112 ni 1,120, zikiwa na upepo kamili. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT, zinazokwambia tairi ilitengenezwa lini; 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zilizokuja na gari kutoka Japani, usizipe kazi hii.

Ushauri wangu: tafuta kijumba kisichozidi kilo 350 kikiwa kitupu, kifupi, ikiwezekana chenye paa la kukunjua. Kwa ile hesabu tuliyopunguza utakuwa na 658, na nafasi ya kilo 117. Muuzaji akupe picha ya kibao cha uzito na akupimie kwa futi kutoka ukuta wa mbele wa kijumba mpaka kwenye alama. Wewe pima bodi lako kutoka ukuta wa nyuma ya kabini mpaka usawa wa katikati ya gurudumu la nyuma. Kipimo chake kikizidi chako, muage kwa wema utafute chengine.