Swali Moja kwa Safari Moja: Kwa Walimu Wanaoanza Kufundishia Hifadhini

Mwalimu mwenzangu unayejiandaa kuwapeleka wanafunzi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mara ya kwanza, ninakusihi uanze na swali, si na orodha ya wanyama. Safari yangu ya kwanza niliipoteza kwa kumtafuta simba: tulizunguka uwanda wa Mkata tangu alfajiri hadi jua la utosi, watoto wakibanana madirishani, na tuliporudi shuleni nikakuta madaftari yamejaa majina ya wanyama bila sentensi hata moja ya maelezo. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwapa jambo la kuchunguza.

Mwaka uliofuata Darasa la Tano walikwenda na swali moja tu: mbegu husafirije? Mahali tuliporuhusiwa kushuka garini, mhifadhi alipasua kwa kijiti bonge la kinyesi cha tembo lililokauka, kwani tembo hameng'enyi vizuri sehemu kubwa ya anachokula. Ndani mlikuwa na nyuzi za magome, vipande vya majani na mbegu nzima kabisa. Msichana mmoja aliuliza kama zile mbegu zingeota, wenzake wakaanza kubishana huku wakichora, na karibu saa nzima ikapita kabla ya mtu yeyote kuulizia simba.

Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, ina somo jingine ambalo walimu wengi hulipita bila kuliona, nalo ni barabara kuu iendayo Zambia, inayoikata hifadhi kwa takriban kilomita 50. Waulize wanafunzi kwa nini matuta yamewekwa humo porini, na waache wafike wenyewe kwenye jibu kwamba wanyama hugongwa wanapovuka kufuata maji na malisho. Swali hilo huwagusa zaidi kwa sababu basi lao wenyewe limepita hapo.

Maandalizi mengine unayajua: ridhaa ya wazazi kwa maandishi, maji ya kutosha, sanduku la huduma ya kwanza, na barua kwa uongozi wa hifadhi mapema, ikitaja umri wa watoto na mada yako, ili mhifadhi naye ajiandae. Waelezwe wakiwa bado shuleni kwamba hawatapiga kelele, hawatawarushia nyani chakula, na hawatatoka na chochote, hata jiwe au unyoya.

Katazo hilo la mwisho liliwahuzunisha wanafunzi wangu, waliotamani sana kuzipanda zile mbegu. Basi siku iliyofuata tulinunua ukwaju sokoni, tukaziloweka mbegu za kundi moja usiku kucha na kuziacha za kundi la pili zikiwa kavu, kisha tukazipanda katika makopo mawili chini ya dirisha la darasa. Kila asubuhi kabla ya kengele niliwakuta wameinama pale na rula zao, wakipima.