Wamoraviani tuna ungamo letu?

SWALI: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Nafundisha darasa la kipaimara hapa Sikonge, Tabora. Kijana mmoja ameuliza: Walutheri wana Ungamo la Augsburg, Waanglikana wana Makala 39, sisi Wamoraviani letu ni lipi? Na Imani ya Mitume nayo ni ungamo?

JIBU: Asifiwe, ndugu yangu. Nianze na la pili.

Imani ya Mitume ilikua kutokana na maswali ya ubatizo huko Roma: wamwamini Baba, wamwamini Mwana, wamwamini Roho Mtakatifu? Ndiyo maana ni fupi, hata mtoto huikariri. Ungamo ni kitu tofauti: ni hati ndefu ya kanisa fulani, iliyoandikwa kujibu shtaka au hatari ya wakati wake. Makala 28 za Augsburg, zilizoandikwa na Melanchthon, mwenzake Luther, zilisomwa mbele ya Kaisari Charles V, aliyekuwa Mkatoliki, tarehe 25 Juni 1530. Ukisahau nani alikuwa ameketi akisikiliza, hutaelewa kwa nini zinajitetea vile.

Sasa letu. Tunalo: Ungamo la Bohemia (nchi iliyo leo sehemu ya Cheki) la 1535, ambalo wazee wetu wa huko walimkabidhi mfalme wao Ferdinand. Lakini Msingi wa Umoja, hati inayotuunganisha Wamoraviani duniani, haulitaji peke yake. Unataja pia Augsburg, Katekisimu Ndogo ya Luther, Katekisimu ya Heidelberg (1563), hata Makala 39 za Waanglikana. Huko si kuyumba. Msingi huo unakiri kwamba Maandiko ndiyo kipimo pekee cha mafundisho, na kwamba hayatupi mfumo kamili wa teolojia. Basi nasi hatukujitungia wa kwetu. Mimi naupenda sana unyenyekevu huo.

Katika orodha hiyohiyo limo Azimio la Barmen la 1934, na hapo ningekaa na vijana muda mrefu. Viongozi wengi wa kanisa Ujerumani walikuwa wamekubali itikadi ya Hitler iingie madhabahuni. Azimio, ambalo sehemu kubwa aliiandika mwanateolojia Karl Barth, likasema Yesu Kristo ndiye Neno moja la Mungu la kutiiwa katika uzima na mauti. Halikutaja mateso ya Wayahudi, na hilo ni pengo zito. Waambie vijana bila kuficha.

Kisha wape makala moja ya kila hati, wakuambie iliandikwa kumkatalia nani.