Joto la Mchanga na Jinsia ya Vifaranga wa Kobe

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba kobe wa mtoni huwa dume au jike kutegemea joto la kiota. Jambo hili huwezekanaje, na je, jinsia inaweza kubadilika siku yoyote kabla yai halijaanguliwa?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosoma ni kweli kwa aina nyingi, ingawa si zote, kwani kobe wa gamba laini hupata jinsia kwa kromosomu walizorithi. Kwa wale wengine, kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika ndani ya yai, huanza na tezi za uzazi zisizoelemea upande wowote, na joto ndilo huamua.

Chukua kobe masikio-mekundu wa Marekani, ambaye amechunguzwa sana: mayai yake yakikaa katika nyuzi joto 26 za selisiasi hutoa madume watupu, yakikaa katika nyuzi 31 hutoa majike watupu, na karibu na nyuzi 29 huchanganyika. Joto likipanda, kimeng'enya kiitwacho aromatesi huongezeka na kugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, homoni ya kike, hivyo tezi zikawa ovari, yaani tezi za kike za mayai. Mwaka 2018 watafiti walidhoofisha jeni iitwayo Kdm6b, inayosukuma tezi ziwe za kiume, katika mayai yaliyowekwa kwenye nyuzi 26, na viinitete vingi, ambavyo vingekuwa madume, vikaota ovari.

Ama swali lako la pili, jibu ni hapana. Kipindi chenye uamuzi ni takriban theluthi ya kati ya ukuaji ndani ya yai. Joto kali la siku za mwisho huwa limechelewa.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kiota kizima kina joto moja. Kobe mkubwa wa mto Amazon, ambaye majike wake huanza kuwa wengi joto likipita nyuzi 32 hivi, hufukia mayai yapatayo 100 katika shimo moja la mchanga, na yale ya juu hupigwa na joto la mchana ilhali ya chini yamesitirika; ndiyo maana ndugu wa kiota kimoja wanaweza kutofautiana jinsia. Kifaranga mwenyewe, ukimgeuza kiganjani, hakuonyeshi chochote kwa nje.

Kwa hiyo wanaohamisha mayai ili kuyaokoa na mafuriko wanapaswa kuyarudishia kina na kivuli kilekile, na kipimajoto wakifukie katikati ya mayai, kwa kuwa joto la juu ya mchanga silo linalokifikia kiinitete.