Kamasi jeusi baada ya kutwa kwenye boda

Pole kaka, umeuliza kama kamasi jeusi unalopenga jioni ukitoka kuendesha boda Mbagala ni dalili mapafu yameharibika, hapana aisee, hapo pua imefanya kazi yake. Nywele za mlangoni zinadaka vumbi kubwa, halafu ndani njia imepindapinda hewa inagonga kuta zenye ute unaonata vumbi linaganda, kisha kuna vijinywele vidogo mno huvioni kwa macho vinausukuma ule ute taratibu mpaka kooni unaumeza bila kujua na tindikali ya tumboni inamalizana nao. Ndo maana nakuomba usinyofoe nywele za pua, na barabarani pumua kwa pua, mdomo hauna huo mchujo.

Ila moshi wa malori ndo unanitia wasiwasi, chembe za chini ya maikromita 2.5 (maikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu) nyingi zinapita mpaka ndani kabisa ya mapafu, kwa hiyo tafuta barakoa ya N95, ile inayochuja hata chembe ndogo, ikukae vizuri usoni, kitambaa kinazuia vumbi kubwa tu. Na ukikohoa wiki 2 au ukiona damu nenda hospitali kapime, usisubiri kabisa.