Maswali ya wasomaji: Biashara ndogo mbele ya mnunuzi mkubwa

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wafanyabiashara wa Nairobi wanaotafuta soko katika kampuni kubwa na ofisi za serikali, pamoja na moja kutoka kwa afisa anayekaa upande wa pili wa meza. Tumezifupisha, na majina tumeyahifadhi.

SWALI: Tuko wanawake sita Kayole, tunatengeneza sabuni ya maji na ya kusafishia sakafu. Hoteli moja ya Westlands imetuambia kwamba ina mpango wa kununua kutoka kwa biashara za wanawake, nayo inataka cheti. Tuna cheti cha AGPO. Je, hicho kinatosha? — Mama wa Kayole

JIBU: Mama, cheti mlicho nacho ni halali na kina thamani, ila mlango mnaoubisha si ule kilichotengenezewa. AGPO ni utaratibu wa serikali uliozinduliwa mwaka 2013, na mizizi yake imo katika Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010, kinachoruhusu sheria iyape upendeleo makundi yaliyoachwa nyuma katika ununuzi wa umma. Taasisi za umma zinatakiwa kutenga angalau asilimia 30 ya ununuzi wao kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hoteli ya kibinafsi haifungwi na agizo hilo. Mpango wake ni wa hiari. Desturi hii ya kampuni kununua makusudi kutoka kwa makundi yaliyoachwa nyuma ilikomaa Marekani, ambako mwaka 1969 Rais Richard Nixon aliunda ofisi ya kuzishughulikia biashara za jamii za wachache, na mwaka 1972 likaanzishwa baraza ambalo leo linaitwa NMSDC ili kuziunganisha na kampuni kubwa. Kampuni za kimataifa ziliisambaza desturi hiyo kila zilikofungua matawi.

Vipimo navyo vinatofautiana. AGPO hutaka angalau asilimia 70 ya umiliki, na uongozi wote, viwe mikononi mwa kundi linalolengwa. WEConnect International, shirika la kuthibitisha biashara za wanawake lililoanzishwa mwaka 2009, hutaka asilimia 51 ya biashara iwe ya wanawake, nao wawe ndio wanaoiendesha na kuidhibiti. Ninyi mko sita na nyote ni wanawake, kwa hiyo mnavuka vipimo vyote viwili. Iandikieni hoteli barua fupi mkiuliza inakubali cheti cha nani, na kama itaridhika na hati yenu ya usajili pamoja na orodha ya wanachama.

Lakini sidhani kwamba kitakachowakwamisha ni karatasi ya kuthibitisha kuwa ninyi ni wanawake. Mtakwama kwenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, iwapo haiko juu ya mtungi, au kwenye lebo isiyo na tarehe ya kutengenezwa na nambari ya bechi. Mnunuzi wa hoteli pia hupima. Akikuta lita 19 ndani ya mtungi wa lita 20 hatauliza mara ya pili. Anzeni na hayo, na siku mtakayoitwa kuzungumza bei, ulizeni palepale mtalipwa baada ya siku ngapi. Sababu nimeieleza kwa kirefu katika jibu la fundi wa Kariobangi hapa chini.

SWALI: Ninatumia kiti cha magurudumu na nina duka dogo la vifaa vya ofisi Ngara. Mtu mmoja ameniambia nimlipe shilingi 7,000 anitafutie cheti cha AGPO. Je, ni bei ya haki? — Msomaji, Ngara

JIBU: Usimlipe hata shilingi. Usajili wa AGPO ni wa bure na hufanywa mtandaoni chini ya Hazina ya Kitaifa. Wewe utahitaji pia usajili wako katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwani huo ndio ushahidi unaotumika kukuweka katika kundi lako. Ukikwama kwenye kompyuta, mlipe kijana wa saiba pesa za kukujazia fomu, uondoke na nywila yako mwenyewe.

SWALI: Nina karakana ya kushona Kariobangi, na mafundi wanne. Kiwanda kimoja cha Industrial Area kimenipa LPO (hati ya oda) ya makoti ya kazi 400, kila koti shilingi 1,250, kupitia mpango wao wa kuinua biashara ndogo. Malipo ni baada ya siku 90. Sina mtaji wa kitambaa. Jirani anajua mtu wa kunikopesha. Niingie? — Fundi wa Kariobangi

JIBU: Fundi, kabla ya kumpigia simu huyo wa jirani, fungua daftari tupige hesabu pamoja. Gharama nimezikadiria, wewe weka zako.

Makoti 400 kwa shilingi 1,250 ni 500,000. Tuseme kitambaa, uzi, vifungo na zipu vinakula shilingi 720 kwa koti, ushonaji 220, na nembo, umeme, kodi ya karakana na usafiri 90. Jumla ni 1,030 kwa koti, kwa hiyo gharama yote ni 412,000 na faida ni 88,000. Kwa macho tu, ni kazi nzuri.

Sasa tuhesabu muda. Ukikopa pesa za kitambaa na za mafundi peke yake ni shilingi 376,000. Utashona mwezi mmoja, kisha ungoje miezi mitatu. Mkopeshaji akitoza asilimia 5 kwa mwezi, riba ni 18,800 kila mwezi, na kwa miezi minne ni 75,200. Faida imebaki 12,800. Tena, iwapo mauzo yako ya mwaka yanakuweka katika ushuru wa mauzo, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha hadi asilimia 3, KRA, mamlaka ya ushuru, watadai 15,000 katika hizo 500,000, kwa sababu ushuru huo huhesabiwa kwa mauzo na haujali kama umepata faida. Umeshona makoti 400 na unadaiwa shilingi 2,200. Na huyo wa jirani, kama ni shailoki wa asilimia 10 kwa mwezi, riba peke yake itafika 150,400, na hapo utauza cherehani.

Badilisha jambo moja tu: kiwanda kilipe baada ya siku 30. Riba inashuka hadi 37,600, na baada ya ushuru unabakiwa na 35,400. Koti ni lilelile, bei ni ileile na fundi ni yuleyule. Ndiyo maana mpango wowote unaojiita wa kuinua biashara ndogo mimi huupima kwa tarehe ya malipo kabla ya kusoma maneno mazuri yaliyoandikwa kwenye kurasa zake.

Usiikatae kazi, rudi ukazungumze, na usione haya, kwa sababu afisa wa ununuzi amezoea kuombwa masharti. Omba kwanza upeleke makoti 100 kila mara, kila mzigo na ankara yake. Mtaji wa kitambaa na mafundi kwa makoti 100 ni 94,000, kiasi ambacho pengine chama chenu kinaweza kukukopesha, na malipo ya mzigo wa kwanza yakiingia mapema yanabeba mizigo inayofuata. Hili lina maana tu wakikubali pia kupunguza siku, la sivyo utakuwa umekaukiwa kabla ya mzigo wa pili. Wakikataa kabisa, waombe wamlipe mwenye duka la kitambaa moja kwa moja, nawe ulipwe ushonaji na gharama zako. Faida itapungua kidogo lakini deni halitakuwa lako. Na wakishikilia siku zao 90, basi bei ya koti ipande ibebe hiyo riba, nao waone kwenye ankara gharama ya kukungojesha.

Pesa za kugharimia LPO zipo mahali pengine kuliko kwa jirani. Hazina ya Vijana, na kwa akina mama Hazina ya Wanawake, zimekuwa zikikopesha kwa kutegemea LPO, na baadhi ya benki hufanya hivyohivyo. Mkopeshaji wa namna hii mara nyingi hutaka mnunuzi athibitishe kwa barua kwamba malipo yatapitia akaunti iliyokubaliwa, kwa hiyo anza kuifuatilia barua hiyo siku ileile unapopokea LPO.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini limewaumiza wengi. Katika kampuni nyingi siku za malipo huanza kuhesabiwa pale ankara inapopokelewa na idara ya hesabu, na siyo siku ulipoteremsha mzigo. Ankara iliyoachwa langoni kwa mlinzi inaweza kulala wiki mbili, na wiki hizo ni zako. Hakikisha hati ya delivari inapigwa muhuri, jina la aliyepokea linasomeka na idadi imeandikwa kwa maneno. Kisha toa ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, siku hiyohiyo, uifikishe kwa mhasibu na udai nakala yenye tarehe.

SWALI: Nina miaka 24. Mjomba wangu ni mwanakandarasi. Anataka nisajili kampuni kwa jina langu, nipate AGPO, yeye afanye kazi na kunipa asilimia 5 ya kila kandarasi. Familia yote inaona ni baraka. — Kijana wa Githurai

JIBU: Kumkatalia mjomba ni jambo zito, na sitajifanya kwamba barua hii italifanya liwe jepesi. Tazama tu nani anabeba nini. Kandarasi ya shilingi milioni 2 itakuletea 100,000. Mapato yote yameandikwa kwa PIN yako ya KRA, kwa hiyo kama kampuni iko katika ushuru wa mauzo, asilimia 3 ni 60,000, na anayeandikiwa barua na KRA ni wewe. Ukuta ukipasuka, aliyesaini mkataba ni wewe. Ikigunduliwa kwamba kampuni ilikuwa kivuli, unaweza kufungiwa kushiriki zabuni za umma, na sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inasema marufuku hiyo isipungue miaka 3. Yeye atatafuta mpwa mwingine.

Asilimia 30 hizo zilitengwa kwa sababu watu kama mjomba wako tayari walikuwa na nyingine zilizosalia. Mwambie kwa heshima kwamba unataka kuanza na kazi ndogo unayoiweza, na akitaka kweli kukuinua, akuuzie saruji na mabati kwa mkopo wa siku 60, akuazime msimamizi wake wa mjengo, na akufundishe kukadiria bei. Usimpe saini yako ya benki.

SWALI: Ninafanya kazi katika idara ya ununuzi ya kampuni moja ya Upper Hill. Tuna orodha ndefu ya wasambazaji wanawake na vijana, tumewafanyia semina, lakini wanaopata kazi ni wachache na wanaorudi mwaka wa pili ni wachache zaidi. Tunakosea wapi? — Afisa Ununuzi

JIBU: Bila kuziona fomu zenu nitakisia, na ninakisia kwamba oda ya shilingi 300,000 inadai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, bima ya mamilioni na dhamana ya benki. Hata serikali, ambayo hatuisifu mara kwa mara katika safu hii, imewaondolea wazabuni wa makundi haya dhamana ya zabuni. Hutosha kujaza fomu ya ahadi. Ninyi hamzuiwi na sheria yoyote kufanya zaidi ya hapo.

Angalieni pia mnachowanunulia. Kama wanawake wote wamerundikwa kwenye chai, maua na usafi, huku samani, uchapishaji, usafirishaji na ukarabati vikiwa kwa walewale wa miaka yote, orodha yenu ni ndefu lakini soko ni jembamba. Kandarasi ya samani ya matawi yote inaweza kugawanywa kwa tawi, na seremala wa Gikomba akamudu moja.

Kisha kuna malipo. Serikali imejichafulia jina hapa: mwaka 2023 iliunda kamati chini ya aliyekuwa Mkaguzi Mkuu Edward Ouko kuhakiki madeni inayodaiwa na wasambazaji, yaliyoanzia mwaka 2005. Kampuni yenye pesa benki haina kisingizio cha kuwangojesha watu hawa siku 90; siku 14 zinawezekana kwa ankara ndogo, mradi mhasibu apewe ruhusa ya kuzipitisha bila sahihi tano. Suala la ankara yenyewe limerahisishwa: marekebisho ya sheria za ushuru ya Desemba 2024 yanamruhusu mnunuzi kutoa ankara ya eTIMS kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5, kwa hiyo «hana eTIMS» si sababu tena ya kumkosesha kazi mama wa kibanda.

Wanaoshindwa nao waandikieni sababu: bei ilizidi kwa kiasi gani, sampuli ilikosa nini. Na katika ripoti yenu ijayo kwa bodi, kando ya safu ya idadi ya walioandikishwa, ongezeni safu mbili: jumla ya pesa walizolipwa, na wastani wa siku walizongoja. Tutumieni nakala mkipenda.